Mke Wangu Hakuwa na Kengeza

Mke wangu hakuwa na kengeza. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonishikisha kalamu.

Siku ya tatu baada ya maziko, mjukuu wangu wa kike alinijia chumbani na picha ya bibi yake, ya ujana.

"Babu, mbona hapa macho ya bibi yapo sawa? Yaliharibika lini?"

"Hayakuharibika."

"Sasa mbona wote wanamwita Kengeza? Hata yule mzee aliyelia kaburini alisema, 'Kwaheri, Kengeza wetu.'"

Nilimwambia aende akacheze. Akaenda, lakini aligeuka mlangoni kuniangalia. Aliona nimemkwepa.

Jina lile mke wangu alilipata kwa kosa. Kosa halikuwa lake. Mwenye kosa namjua vizuri, maana tunavaa shati moja. Miaka arobaini na moja sijasema, na mke wangu alinikataza kusema. Sasa hayupo wa kunikataza.

Alikuwa mpanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji, mkabala na karakana niliyokuwa nachonga viti. Siku hizo maneno hayakutoka kwenye kompyuta. Kila herufi ilikuwa kipande cha madini ya risasi, ina kijumba chake kwenye droo. Mpangaji anaziokota moja moja, anazisimamisha kwenye kibao alichoshika mkononi, zikiwa kinyume, mpaka maneno yatimie. Halafu fundi mashine anazibana kwenye fremu, anazipaka wino, anazigandamiza kwenye karatasi.

Kupanga ilikuwa kazi ya wanaume. Wanawake walikaa meza ya nyuma, wakikunja karatasi. Yeye alianza huko nyuma. Alijifunza kwa kuchungulia, akipita na ndoo ya maji huku macho yakiwa kwenye droo. Mwenye kiwanda alipoona anajua kurudisha herufi zilizoanguka kila moja kwenye kijumba chake bila kuuliza, alimpa droo moja ajaribu. Moja tu.

Droo hiyo ilikuwa ya herufi walizoziita Bibi Harusi. Zilikuja kwenye sanduku kutoka ng'ambo, na jina lililoandikwa kwenye kifuniko halikutamkika. Zilikuwa za mtindo wa zamani, hata wakati huo tayari zilikuwa za zamani. Hakuna herufi iliyosimama kavu. Kila mguu ulivaa kiatu. Upande mmoja mwembamba kama sindano, upande wa pili mnene, na ndani ya ule unene umepita mstari mweupe kama njia kati ya nywele zilizochanwa. R ilikuwa na mkia unaoburuzika chini ya jirani yake. A ilikuwa na kofia iliyojikunja juu. Ukisoma neno moja la Bibi Harusi unaona kama limetoka kuoga.

Zilikuwa na tabia zake. Mikia ilitoka nje ya kipande cha risasi, ikining'inia hewani, kwa hiyo ukiibana fremu kwa nguvu mkia unakatika, na mkia uliokatika haurudi. Zilitaka nafasi. Ukizisonganisha zinakanyagana viatu. Wapangaji wa kiume hawakuzipenda. Walisema zina maringo.

Mke wangu alisema, "Hazina maringo. Hazitaki tu kuharakishwa."

Alikuwa na sheria zake juu ya herufi zile, na hakuna mteja aliyempindisha. Zilikuwa za kadi ya harusi, za sabuni ya kunukia, za cheti cha aliyemaliza kujifunza cherehani, za jina la saluni. Siku moja alikuja mwenye duka la mafuta ya taa, anataka bango la HATARI, USIWASHE MOTO, na anataka Bibi Harusi kwa sababu ameziona kwenye kadi ya binamu yake.

"Baba," mke wangu akamwambia, "ukiandika hatari kwa herufi hizi, mtu atasogea karibu azitazame vizuri. Na sigara yake mdomoni."

Yule bwana akacheka mpaka akakaa. Akachapiwa herufi nene zisizo na viatu, akaondoka ameridhika.

Tatizo la Bibi Harusi lilikuwa A. Waliozitengeneza hawakutufikiria sisi. Walituwekea Q sita, sijui tuzifanyie nini, na A tisa. Neno TUNAWAKARIBISHA peke yake linakula A nne. Kwa hiyo mke wangu alikuwa anawabembeleza wateja kabla hawajakaa. "Baraka? Mama, heri inapendeza zaidi. Fupi, tamu." Kumbe anaokoa A tatu. Nusu ya maharusi wa mji huu walitakiwa heri kwa sababu ya droo ile.

Sasa akaja mfanyabiashara mmoja mkubwa anayemwoza binti yake. Alitaka kadi pana kama daftari lililofunguliwa, maneno yote kwa Bibi Harusi, na hakuna hata neno moja la kubadilisha, maana alikuwa ameyatunga mwenyewe. Mke wangu akahesabu. A ishirini na sita.

Mwenye kiwanda akamwambia mbele ya watu, "Dada, umetaka kupanga. Haya, panga. Ikikushinda, meza ya kukunja iko palepale."

Ndipo alipovuka barabara akaja kwangu. Hatukuwa tumezoeana. Alikuwa akipita tunasalimiana, basi. Nilikuwa nachonga ua kwenye mgongo wa kiti.

"Fundi, unaweza kuchonga herufi?"

"Naweza kuchonga kitu chochote."

"Ndogo hivi." Akanionyesha kucha ya kidole chake cha mwisho. "Kumi na saba. Zote A. Urefu wake ulingane na za risasi, ukizidi unywele mmoja inatoboa karatasi."

"Naweza."

Akasita. "Mwenye kiwanda ameuliza kama umesoma. Hampi kazi za herufi fundi asiyesoma."

"Nimesoma," nikasema.

Sijui kwa nini ilitoka haraka vile. Labda kwa sababu alikuwa yeye. Mimi sikuwahi kukaa darasani hata siku moja. Baba alinitia kwenye useremala nikiwa na umri wa miaka tisa. Vipimo nilikuwa naweka kwa kamba na alama zangu mwenyewe.

Akatoa karatasi yenye A moja iliyochapwa. "Unajua unachonga kinyume. Nimekuandikia nyuma, usisahau."

"Sawa."

Nilikaa na karatasi ile jioni nzima. Nyuma kulikuwa na mwandiko wake, mstari mmoja. Niliutazama kama mtu anavyotazama njia ya siafu. Kinyume, alisema. Basi nikaigeuza karatasi kichwa chini miguu juu, nikachonga nilichokiona. Nilitumia mpingo. Siku nne. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile. Mstari mweupe ndani ya mguu mnene niliupitisha kwa sindano niliyoinoa.

Niliwapelekea asubuhi ileile ya kuchapa. Mpingo ni mweusi, na herufi nyeusi isiyo na wino huwezi kuiona sura vizuri. Yeye alizipapasa kwa kidole, akatabasamu. "Una mkono, fundi." Akazipanga haraka, kwa sababu watu wa mfanyabiashara walikuwa wameshakaa kwenye benchi.

Nilirudi karakana na tabasamu lile. Sikukaa nalo hata nusu saa.

Alikuja mbio, ameshika karatasi ya majaribio, wino haujakauka. Akaiweka juu ya meza yangu.

"Tazama."

Nikatazama. Niliona maneno mengi mazuri.

"Huoni?"

"Naona."

"Unaona nini?"

Akaweka kidole. A za risasi zilikuwa na mguu mnene kulia. A zangu zilikuwa na mguu mnene kushoto. Tisa zinatazama huku, kumi na saba zinatazama kule. Alivyonionyesha ndipo nilipoona, na nikiiangalia karatasi nzima nikapata kizunguzungu.

"Nilikuandikia nyuma. Kwenye mbao, mguu mnene uwe kushoto. Hukusoma?"

"Nilisoma."

Karatasi yake ilikuwa juu ya rafu. Aliichukua, akanipa. "Nisomee."

Niliishika. Niliigeuza upande mmoja, nikaigeuza upande wa pili. Alinitazama. Hakuwa na hasira. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyefungua mlango wa chumba akamkuta mtu anavaa, akataka kuurudishia polepole.

Mwenye kiwanda alikuwa ameshavuka barabara. Alisimama mlangoni, na nyuma yake fundi mashine, kijana wa sauti nene, mikono imejaa wino.

"Nani amekosea?" mwenye kiwanda akauliza. "Huyu? Si alisema amesoma?"

Mke wangu aliitoa ile karatasi mkononi mwangu, akaifinya ndani ya ngumi.

"Mimi," akasema. "Nilimwagiza vibaya. Nilimwandikia kulia badala ya kushoto. Yeye amefuata."

"Lete hiyo karatasi nione."

"Nimeitupa."

Ilikuwa ngumini mwake. Niliona ncha yake ikitokeza kati ya vidole.

Mimi nilikuwa nimeshika randa. Sikusema neno.

Fundi mashine akaichukua karatasi ya majaribio, akaiinua kwenye mwanga, akaangua kicheko. "Lahaula! Kadi ina kengeza! Dada, wewe ulipokuwa unaandika ulikuwa unatazama wapi? Jicho moja kwa bwana harusi, jicho moja kwa bibi harusi?"

Hata mwenye kiwanda alicheka. Halafu akaacha kucheka. "Rudi meza ya kukunja," akamwambia.

Hivyo ndivyo jina lilivyoanza. Jioni ile lilikuwa limeshafika kwa muuza magazeti wa kona.

A nilizichonga upya kwa siku tatu, safari hii A ya risasi yenyewe iko mbele yangu. Mfanyabiashara alikubali kungoja. Kadi zilitoka nzuri mno. Lakini hakuzipanga yeye. Alizipanga mzee mmoja wa siku nyingi, naye mke wangu akakaa meza ya nyuma akizikunja, mia nne, moja baada ya nyingine.

Alikaa huko miezi saba. Vidole vyake vilichanwa na kingo za karatasi. Kila siku nilimwona dirishani, na kila siku nilisema kesho nitavuka barabara. Kuvuka nilivuka, siku ya Jumamosi, nikamkuta anatoka.

"Nitamwambia bosi," nikasema.

"Umwambie nini?"

"Kwamba ni mimi."

"Atauliza kwa nini. Na hiyo kwa nini ikitoka, kazi zote za herufi hupati tena, hapa wala kwingine."

"Sasa wewe je?"

"Mimi nitarudi. Droo ile haina mtu mwingine." Halafu akasema, "Kesho huna kazi. Njoo nyumbani kwa kaka yangu. Njoo na zile A ulizoharibu."

Na kweli alirudi. Yule mzee alikata mkia wa R mbili na wa K moja ndani ya wiki mbili, maana alikuwa anazibana herufi kwenye kibao kama anafunga mzigo. Siku moja mwenye kiwanda alitembea mpaka meza ya nyuma, akaweka kibao cha kupangia mbele ya mke wangu, akaenda zake. Hakumwambia samahani wala karibu. Mke wangu alikaa kwenye droo ile miaka ishirini na tisa iliyofuata, mpaka kiwanda kilipofungwa. Akapewa na droo nyingine zote.

Mimi kwa kaka yake nilienda Jumapili ile, na Jumapili zilizofuata. Alinifundisha kwa herufi za mbao. Nilikuwa nachonga moja kila wiki, nayo ndiyo tunayosoma. Kaka yake alituchungulia akamwambia mkewe, "Wale wanachumbiana kwa B." Tulioana tukiwa tumefika N.

Kwa hiyo herufi nilizozijua mimi kwanza ni zile zenye viatu na kofia. Nilipopewa gazeti mara ya kwanza sikuzitambua. Nilimwambia, "Hizi wamezivua nguo." Alicheka hadi machozi. Hata leo mkono wangu unatia kiatu kwenye kila mguu. Karani wa posta aliwahi kuniambia, "Mzee, hii ni saini au unatualika harusini?" Inanichukua muda mrefu kuandika neno moja, ndiyo maana huwa siandiki mengi. Haya ninayoandika hapa yamenichukua wiki tano.

Kengeza walimwita kila mahali. Wateja walimwita hivyo kwa heshima kabisa, "Bi Kengeza yupo?" Wageni wakifika walimtazama macho kwa siri, mara la kulia, mara la kushoto, wakachanganyikiwa. Watoto wetu shuleni waliitwa wana wa Kengeza. Binti yetu alirudi analia siku moja. Usiku ule nilimwambia mke wangu, sasa basi, nasema.

"Ukisema itakusaidia nini?"

"Wewe itakusaidia."

"Mimi nimeshazoea. Ni jina tu, linaniita chakula kikiiva." Akavuta shuka. "Wewe una wanafunzi karakanani, wanakuheshimu. Waache."

Nikawaacha. Nilikuwa mwepesi sana wa kukubali. Hilo ndilo linaloniuma, kuliko kosa lenyewe. Katika miaka yote ile mimi peke yangu sikumwita hivyo. Nilidhani inatosha.

Alifariki mwezi wa tatu, asubuhi, hospitali. Alikuwa ameniuliza kama nimekunywa chai. Nikasema bado. Akasema nenda kanywe. Nilikwenda, niliporudi walikuwa wamemfunika.

Baada ya mjukuu kuniuliza, nilikaa siku nne. Ya tano nilikwenda kwa fundi mashine. Naye ni mzee sasa. Anashinda kwenye duka la binti yake, wanapotoa nakala na kuchapa barua. Ananiita shemeji, kwa sababu mke wangu alimwita kaka.

"Shemeji! Karibu, karibu. Mwanangu, mpe shemeji yangu kiti. Halafu mwonyeshe ile."

Binti akageuza kompyuta. Alikuwa anatengeneza kadi ya mtu. Zilikuwa Bibi Harusi, au ndugu yake wa tumbo moja. Viatu, kofia, mstari mweupe, mkia wa R. Nyembamba nyembamba, nene nene. Nilikaa.

"Zina A ngapi?" nikamuuliza.

"Ngapi vipi, babu?"

"Zinakwisha lini?"

Hakuelewa, akabonyeza A akashikilia. Zikatoka mstari mzima, mstari wa pili, ukurasa ukajaa, zote zinatazama upande mmoja. Fundi mashine akatikisa kichwa. "Kengeza angeziona hizi," akasema. "Maskini dada yangu na A zake."

"Zilikuwa zangu," nikasema.

"Nini?"

"Zile A. Hakuniagiza vibaya. Aliandika kushoto, mimi nikachonga kulia."

"Shemeji, msiba unachanganya. Nilikuwepo. Alikiri mwenyewe."

"Karatasi ilikuwa mkononi mwake. Aliificha."

"Kwa nini aifiche?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Binti yake alikuwepo, na mteja mmoja aliyeleta kitambulisho kitolewe nakala. Nikasema, "Sikujua kusoma."

"Hata kidogo?"

"Hata A."

Mashine ya nakala ikatoa karatasi, mteja akalipa akaenda. Fundi mashine akapiga goti lake kwa ngumi.

"Miaka yote ile? Na nilipotolewa mtoto wa jicho si wewe uliyekuwa unakuja kunisomea gazeti?"

"Yeye ndiye aliyenifundisha."

"Na mimi namtania. Harusini kwa mwanangu nilimtania kwenye kipaza sauti! Mbona mliniacha?" Sauti yake nene ilikatika. Binti yake alijifanya anapanga karatasi. "Kaburini nimemuaga kwa jina hilo, shemeji. Kwa nini mliniacha?"

"Mimi ndiye niliyekuacha. Yeye alikuwa ananitunza."

Alijifuta uso kwa mkono. "Basi simwiti tena."

"Utamwitaje?"

Akafikiri. Jina lake lingine alikuwa amelisahau, nami nilimwona anavyoona aibu.

"Mwite hivyohivyo," nikasema. "Ila ukimwita, ujue ni la kwangu. Na wengine wajue."

"Hata mbele za watu?"

"Hata mbele za watu."

Nilijua namwambia nani. Yule hajawahi kunong'ona maishani. Jumamosi iliyofuata nilikuwa sokoni, kumejaa, nimeinama nachagua nyanya. Nikasikia sauti ileile iliyozidi mngurumo wa mashine miaka thelathini.

"Mume wa Kengeza! Waambie hawa nani aliyegeuza zile A!"

Watu waligeuka. Baadhi walikuwa wateja wake wa zamani, wengine watoto wao. Nilinyooka.

"Ni mimi," nikasema. "Yeye hakukosea. Nilikuwa sijui kusoma, akanificha."

Mama mmoja akasema, "Kumbe!" Mwingine akasema alikuwa mwanamke mzuri, alimchapia kadi yake. Muuza nyanya akanitikisia mfuko.

"Haya, mzee. Nikupimie kiasi gani?"

"Nusu kilo."

Akapima. Watu wakaendelea na shughuli zao. Fundi mashine alikuwa amesimama pale ananitazama, kama anangoja kitu kiniangukie. Hakikuanguka kitu. Lilikuwa jambo dogo hivyo, la kusema huku unanunua nyanya, na mke wangu alilibeba miaka arobaini na moja.

Niliufunga mfuko. Fundi mashine akanishika mkono, tukavuka barabara pamoja.